Dakika Chache za Mwanzo: Kutafuta Chanzo cha Injini Kutetemeka Asubuhi

Ukiishi Njombe, Makete, Mbulu au kule Limuru, Juni ikiingia unaujua mlio huu. Stata inazunguka, injini inashika, halafu inaanza kuyumba. Mshale wa mizunguko unaporomoka hadi 500, unapanda, unaporomoka tena. Usukani unatetemeka, na ukiingiza gia gari linazima. Dakika chache baadaye limetulia kana kwamba halijawahi kuumwa. Saa nne unafika gereji, fundi anafungua boneti, anasikiliza, na injini inanguruma vizuri kabisa. Hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea, kwa sababu fundi ambaye hakuuona ugonjwa anabaki kubahatisha: plagi mpya leo, koili kesho, pampu ya mafuta wiki ijayo.

Ugonjwa wa baridi huonekana kwenye baridi. Anayekuwepo saa kumi na mbili asubuhi ni wewe, si fundi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kuutafuta ni kazi yako. Haihitaji ujuzi mkubwa. Inahitaji macho, pua, simu ya kurekodia na, ukiweza, mita ya umeme ya bei nafuu kama ile ya fundi redio. Ninayoyaeleza hapa ni ya magari ya petroli ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000: Corolla 110, Carina, Mark II, Sunny, Vitz za mwanzo na wenzao. Dizeli ina mambo yake.

Kwa nini baridi

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa imelala usiku kucha, kuta za manifoldi na migongo ya valvu ni baridi, na sehemu ya petroli inayopulizwa na nozeli hugandia humo badala ya kufika kwenye silinda ikiwa mvuke. Ili injini isizime, kompyuta huongeza mambo mawili kwa wakati mmoja: petroli zaidi na hewa zaidi. Ndiyo maana gari zima likiwashwa asubuhi hunguruma kwa mizunguko kama 1,200 hadi 1,600 kwa dakika, kisha hushuka taratibu kadiri linavyopata moto mpaka 650 au 850 hivi, kutegemea aina ya injini.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Injini ikiwa na moto, kompyuta husoma sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi na kurekebisha mchanganyiko kila mara. Sensa hiyo haifanyi kazi mpaka ipate joto. Katika dakika za mwanzo kompyuta inakwenda kwa hesabu zilizoandikwa kiwandani, bila mtu wa kuisahihisha. Mpira wa hewa uliopasuka kidogo au nozeli iliyochafuka kidogo, ambayo injini yenye moto ingeifidia usijue, asubuhi hujitokeza wazi. Kwa hiyo usiudharau mtetemo wa asubuhi eti kwa sababu unaisha wenyewe. Ubovu unabaki palepale, umefidiwa tu.

Kabla ya kugeuza ufunguo

Gari lilale nje usiku mzima, au ndani ya banda lenye milango utakayoiacha wazi. Moshi wa injini baridi una gesi nyingi ya kaboni monoksidi, yenye sumu, na banda lililofungwa linaua. Funga pia leso, kanga au mikono mirefu ya shati mbali na mikanda na feni.

Injini ikiwa bado baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe yamefika shingoni. Yakiwa yamepungua, hewa inaweza kukaa pale ilipo sensa ya joto, na sensa iliyozungukwa na hewa badala ya maji hutoa taarifa ya uongo. Angalia na rangi. Maji ya kutu, yale ya bomba yaliyomiminwa miaka nenda rudi bila kulanti, ni ushahidi tayari. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 maji ya injini hupita chini ya koo la hewa ili kuipasha joto valvu ya sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta), na kutu huziba vijia hivyo vyembamba.

Chomoa kijiti cha oili, tazama kiwango, na unuse. Oili inayonuka petroli imechanganyika na mafuta yasiyoungua, na hiyo inakuelekeza kwenye nozeli inayovuja au mchanganyiko uliozidi petroli. Pima betri pia: volti 12.6 ni betri iliyojaa. Mwenzako akipiga stata, mita isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri iliyochoka huiba umeme wa cheche wakati uleule injini inapouhitaji zaidi.

Sasa washa, usikanyage mafuta

Weka simu mbele ya dashibodi irekodi mshale wa mizunguko na sauti. Washa bila kugusa pedeli, kisha acha injini ijieleze. Kila aina ya mtetemo ina njia yake.

Kama stata inazunguka muda mrefu ndipo gari lishike, na likishashika linatulia haraka, shuku presha ya mafuta iliyoshuka usiku. Kama linashika mara moja lakini sailensa iko chini tangu mwanzo, kwenye 500 au 600, na ukikanyaga kidogo hadi 1,500 linalainika, linakosa hewa. Kama mizunguko imepanda ipasavyo lakini mwili wote wa gari unacheza kwa mdundo mmoja, tuk, tuk, tuk, silinda moja inamisi. Kama mshale unapanda na kushuka bila kutulia, nawe unasikia mluzi chini ya boneti, kuna hewa inayoingia isikoruhusiwa. Na kama nyuma kuna moshi mweusi na harufu kali ya petroli, inakunywa kupita kiasi.

Zunguka nyuma, shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa eksozi, ukikaa pembeni usivute moshi. Injini nzima huisukuma karatasi kwa nguvu sawasawa. Inayomisi huiachia kila mara, karatasi ikaanguka na kuinuliwa tena kwa mdundo ule unaousikia. Moshi mweupe mwepesi unaopotea hewani ni mvuke wa kawaida wa asubuhi ya baridi. Mweupe mzito unaoning'inia, wenye harufu tamutamu ya kulanti, huo si wa kawaida. Wa bluu ni oili, mara nyingi sili za valvu zilizokauka zikaidondosha usiku.

Joto: sensa na themostati

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo magari yetu mengi yanapoumizwa na mikono ya watu. Katika gereji nyingi, gari likichemsha mara moja tu, cha kwanza kufanyika ni kung'oa themostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anashukuru, na chanzo cha kuchemsha, ambacho kwa kawaida ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au kifuniko kisichoshika presha, kinabaki. Kuanzia siku hiyo maji yanazunguka hadi rejeta tangu sekunde ya kwanza. Dar es Salaam huenda usione tofauti kubwa. Njombe, kwenye mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, injini haifiki joto lake mapema, na kompyuta inaendelea kuipa petroli ya ziada kilomita baada ya kilomita. Plagi zinakuwa nyeusi, plagi nyeusi zinamisi asubuhi, na mtu anauziwa plagi nyingine.

Kujua kama themostati yako ipo na inafanya kazi hakuhitaji kufungua kitu. Baada ya kuwasha injini baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto lifike kwa ghafla pale themostati inapofunguka, katika Toyota nyingi kwenye nyuzi 82 hivi. Ukihisi mpira unapata uvuguvugu polepole tangu dakika ya kwanza, basi themostati imeng'olewa au imekwama wazi. Irudishe. Ni kifaa cha bei ndogo, na unaweza kuijaribu mpya kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga: itafunguka mbele ya macho yako. Kama gari litaanza kuchemsha tena, tibu kuchemsha kwenyewe.

Sensa ya joto la maji ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba ni asubuhi. Usiichanganye na ile ya mshale wa dashibodi. Mara nyingi ni mbili tofauti, ya kompyuta ikiwa na waya mbili. Mshale wa dashibodi ukiwa sawa haimaanishi kompyuta inaona sawa. Chomoa soketi yake, weka mita kwenye omu, pima baina ya vichwa viwili vya sensa. Kwa Toyota nyingi, penye nyuzi 20 utasoma omu 2,000 hadi 3,000. Ikifika nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Kwenye baridi ya nyuzi 8 namba itakuwa kubwa zaidi ya 3,000, na hiyo ni sawa. Ikisoma 300 asubuhi injini ikiwa baridi, sensa inadai injini ina moto, na kompyuta inanyima petroli. Isipobadilika kabisa kadiri joto linavyopanda, imekufa. Angalia na soketi yenyewe, kwani kutu ya kijani kwenye pini huongeza ukinzani na kufanya sensa nzima ionekane mbovu.

Magari mengi ya umri huu yaliyoagizwa Japani hayaongei na zile mashine za kupimia za kisasa, lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinaweza kukusomea hitilafu bila mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, geuza ufunguo bila kuwasha, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimweka haraka bila kukoma kwa mpangilio mmoja, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka tena mara mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji au waya zake. Hakikisha matundu ni hayo hasa kabla ya kuunganisha. Ukikosea unaweza kuunguza kitu.

Hewa

Gari ambalo sailensa haipandi asubuhi lina uwezekano mkubwa wa kuwa na koo la hewa chafu. Legeza bomba la mpira linalotoka kwenye filta ya hewa, fungua kibati cha koo kwa kidole, utazame nyuma yake. Utando mweusi wa oili iliyokauka, mnene kama masizi ya sufuria, umepunguza njia ya hewa na kukwamisha valvu ya sailensa iliyo chini yake. Tumia sprei ya kusafishia kabureta, kitambaa na mswaki wa zamani, injini ikiwa imezimwa na baridi. Usipulizie sensa ya hewa kwa sprei hiyo. Kama koo lako linaendeshwa na umeme badala ya kebo, usikisukume kibati kwa nguvu. Ukimaliza, injini inaweza kusumbua siku ya kwanza huku kompyuta ikijifunza upya.

Usikubali mtu akupandishie sailensa kwa skrubu kabla hajakuambia kwa nini ilishuka. Asubuhi itaonekana nzuri, mchana injini itanguruma kwa 1,200 kwenye foleni, gia otomatiki itakuwa inagonga kila ukiiingiza, petroli itaisha haraka, na ubovu utakuwa umefichwa chini ya skrubu.

Mipira ya hewa nayo hukauka kwa joto la miaka. Ikiwa baridi hukakamaa na kuachia hewa. Ikipata moto hulainika na kuziba. Gasketi ya manifoldi hufanya hivyohivyo, na ndiyo maana kutafuta hewa hii saa nane mchana hakuna maana. Kwanza pitisha vidole kwenye kila mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho, hasa kwenye kona na upande wa chini usioonekana, ukiukunja kidogo utafute nyufa. Kisha, katika dakika mbili za mwanzo baada ya kuwasha, finya mipira mmojammoja kwa koleo yenye midomo laini. Ukifinya mmoja na injini ikabadilika ghafla kuwa tulivu, umeupata. Wapo wanaopulizia sprei ya kabureta kwenye maungio na kusikiliza injini ikipanda. Kipimo hicho ni sahihi, ila sprei inawaka moto. Injini ikiwa baridi hatari ni ndogo, lakini waya wa plagi unaovuja umeme unaweza kuiwasha. Ukitaka usalama, tumia maji ya chupa ya kupulizia: injini itayumba au mluzi utakatika maji yanapoziba ufa.

Cheche

Kwa injini inayomisi kwa mdundo, swali la kwanza ni silinda ipi. Kama kinga ya bati haijafunika manifoldi ya eksozi, kuna kipimo rahisi sana. Nusu dakika baada ya kuwasha, dondoshea tone la maji kwenye kila mrija wa manifoldi. Kwenye mirija ya silinda nzima tone litachemka na kutoweka. Kwenye ule wa silinda inayomisi litateleza au kuchelewa. Chelewa dakika tano na mirija yote itakuwa ya moto, kipimo kimekwisha. Njia nyingine ni kuchomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine. Silinda nzima ikichomolewa injini huzidi kutetemeka. Iliyokufa ikichomolewa hakuna kinachobadilika. Afadhali soketi ya nozeli kuliko kuchomoa waya wa plagi kwa mkono, maana umeme wake unarusha na unaweza kuharibu koili.

Ukishaijua silinda, toa plagi yake injini ikiwa bado baridi. Rangi ya hudhurungi nyepesi ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi au cheche dhaifu. Plagi iliyolowa petroli haikuwaka kabisa. Yenye oili kwenye meno yake inasema habari za ringi au sili za valvu. Ikiwa oili iko juu, kwenye shimo inamokaa plagi, hiyo ni gasketi ya kifuniko cha valvu, na cheche inatorokea humo. Plagi moja iliyooshwa ikang'aa kuliko wenzake huashiria maji yanayoingia kwenye silinda hiyo. Pima na nafasi ya meno: magari mengi ya kundi hili yanataka baina ya milimita 0.8 na 1.1, na kitabu cha gari kitakupa yake hasa.

Waya za plagi zipime kwa mita. Toyota huweka kikomo cha omu 25,000 kwa kila waya. Lakini waya unaweza kupita kipimo hicho na bado ukavuja, na hapo giza linasaidia. Alfajiri kabla hakujapambazuka, injini ikinguruma, pulizia ukungu mwembamba wa maji juu ya waya na kifuniko cha distributa, bila kugusa kitu. Kwenye waya mbovu utaona vicheche vya bluu vikitambaa juu ya ngozi yake na kurukia chuma kilicho karibu. Umande wa asubuhi hufanya kazi hiyohiyo kila siku gari linapolala nje, na ndiyo maana jua likipanda ugonjwa unaondoka.

Petroli

Pampu ina valvu ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi kwenye tangi. Ikichoka, au nozeli ikivuja, presha hushuka usiku. Magari mengi huipandisha presha kwa sekunde mbili ufunguo ukigeuzwa bila kuwasha; ukigeuza mara tatu, kisha ukawasha na gari likashika papo hapo, umepata jibu. Toyota nyingi za zamani hazina tabia hiyo, pampu yake huamka stata ikizunguka, kwa hiyo huko itabidi geji ya presha. Kiasi cha baa 3 ni kawaida ya nozeli za aina hii. Kinachotafutwa zaidi ni kama inabaki baada ya kuzima. Ikiwa nozeli imevuja hadi injini ikafurika, kanyaga pedeli mpaka chini unapopiga stata. Kompyuta nyingi hukata petroli hapo na kuiacha injini ijikaushe.

Halafu kuna petroli yenyewe. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwenye baridi kama petroli, kwa hiyo petroli iliyochakachuliwa hujionyesha asubuhi kabla ya wakati mwingine wowote. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA ili kuwabana wachakachuaji. Kama mtetemo ulianza siku moja baada ya kujaza mahali papya, usifungue kitu. Maliza tangi hilo, jaza kwingine, uone.

Yanayohitaji fundi

Kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, injini inamisi dakika ya kwanza tu, na moshi mweupe mzito unatoka, shuku gasketi ya silinda hedi. Usiku presha iliyobaki husukuma maji kidogo kwenye silinda moja. Asubuhi silinda hiyo inayatapika kwanza. Usiendelee kuendesha huku ukiongeza maji kila siku. Omba fundi apime kama rejeta ina gesi ya moshi, na apime kompresheni ya silinda zote. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 1 hivi. Ikizidi, weka oili kijiko kimoja kwenye silinda dhaifu na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Ukipeleka gari gereji, lipeleke jioni, uache na ufunguo, umwombe fundi asiliwashe mpaka asubuhi akiwa yeye mwenyewe amesimama mbele ya boneti. Mpe video, namba ulizosoma kwenye mita, na silinda uliyoishuku. Mwambie pia vifaa vilivyobadilishwa mwaka huu na kama themostati ipo. Akianza kwa kukutajia kifaa cha kununua kabla hajaliwasha likiwa baridi, chukua ufunguo wako umtafute mwingine.